Shahada ya pili ya dini ni ya nini?

KILA sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa viumbe vyote, aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo napenda tuzungumze juu ya swali nililoulizwa katika mlango wa msikiti hapa Mwanza, nami nikashindwa kulijibu vizuri. Aliyeniuliza ni mzee mmoja mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Tulikuwa tumekwisha sali Alasiri, akanivuta pembeni. Binti yake alikuwa amehitimu shahada ya kwanza ya sheria na nyumba nzima ilikuwa ikisubiri apate kazi. Badala yake, binti alimwambia baba yake kwamba anataka kusoma shahada ya uzamili katika masomo ya dini. Alitaka kuandika tasnifu juu ya namna mahakama za mwanzo zinavyoamua mirathi ya wavuvi Waislamu katika vijiji na visiwa vya ziwa letu.

"Ustadhi," akasema mzee, "dini si amekwisha kuisoma? Madrasa amemaliza, msahafu amekhitimisha mara mbili. Shahada ya pili ya dini ni ya nini? Na nani atampa kazi?"

Nilimjibu kwa maneno ya jumla juu ya fadhila za elimu. Aliitikia kwa adabu, lakini uso wake ulionyesha kwamba hakupata alichokitafuta. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile, nalo nalielekeza kwa wazazi wote wenye vijana wanaotaka kufuata njia hiyo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Madrasa, na darsa za masheikh wetu, hutufundisha dini ili tuitekeleze: tusali vipi, tufunge vipi, tuoe na tuachane vipi, tugawe mirathi vipi. Hii ni elimu ya faradhi, wala hakuna chuo kikuu kitakachochukua nafasi yake. Utafiti wa chuo kikuu una kazi nyingine. Wenyewe hutazama jinsi dini inavyoishi miongoni mwa watu: mahakamani, sokoni, shuleni, hospitalini na katika vikao vya serikali. Madrasa humfundisha mtoto kwamba mjane ambaye mumewe ameacha watoto fungu lake ni thumni. Mtafiti huenda Ukerewe akauliza: je, mjane huyo aliipata thumni yake? Na kama hakuipata, ilipotelea wapi?

Swali hilo si la kinadharia katika ufukwe huu. Tanzania Bara haina Mahakama ya Kadhi yenye mamlaka ya dola kama zilivyo zile za Zanzibar au za Kenya. Sheria za nchi, hata hivyo, zimeiruhusu sheria ya Kiislamu itumike katika ndoa, talaka, mirathi na wakfu, na mahakama za mwanzo ndizo husikiliza mashauri ya mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila. Basi anapofariki mtu, jambo la kwanza linaloweza kubishaniwa ni hili: je, mali yake igawiwe kwa sheria ipi? Hukumu zilizotolewa tangu miaka ya 1960 zimeelekeza kwamba mahakama itazame mwenendo wa maisha ya marehemu na nia yake. Jina peke yake halitoshi.

Sasa mfikirie mvuvi wa Kisukuma au Mkerewe. Jina lake Ramadhani, Ijumaa hakosi msikitini. Lakini mahari ya mkewe aliitoa kwa ng'ombe, kwenye matambiko ya ukoo alihudhuria, na amezikwa katika boma la baba yake. Ameacha mitumbwi miwili, injini, nyavu na kiwanja. Ndugu zake wanasimama mbele ya hakimu wanasema marehemu alikuwa mtu wa mila. Mjane anasema alikuwa Muislamu. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane ana fungu lake na mabinti wana mafungu yao, tena yametajwa kwa hesabu. Kwa kanuni za mila zilizochapishwa na serikali mwaka 1963, mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Kanuni hizo zinamtaka atunzwe na watoto wake. Tofauti kati ya hukumu hizi mbili ni tofauti ya mjane kubaki na chochote au kutoka mikono mitupu.

Wala tusidhani kwamba hayo ni mambo ya kubuni. Mwaka 2015, Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi katika shauri la wajane wawili kutoka Shinyanga, jirani zetu hapa, ambao mali za waume zao zilichukuliwa na mashemeji kwa kutumia mila za Kisukuma. Kamati iliona kwamba Tanzania imeshindwa kulinda haki zao. Wajane wale walifika mbali kwa sababu walikuwapo wanasheria waliolichunguza jambo lao na kuliandika. Je, ni wajane wangapi Waislamu katika visiwa vyetu walionyimwa haki ambayo Qur'an imewapa, na ambao hakuna aliyewahi kuketi nao na kuandika maelezo yao? Hatujui. Hatujui kwa sababu hatujamtuma mtu akaulize.

Mwaka 2015 huohuo, muswada uliokusudia kuzitambua hukumu za kadhi Tanzania Bara uliondolewa bungeni baada ya mabishano makali. Wengi wetu tulilaumu. Lakini tujiulize kwa uadilifu: siku ile mbunge aliposimama na kuuliza ni mashauri mangapi ya mirathi ya Waislamu yanayoharibika katika mahakama za kawaida, na yanaharibika namna gani, nani kati yetu aliyekuwa na jibu lililofanyiwa kazi? Tulikuwa na imani, tulikuwa na uchungu, tulikuwa na wasemaji hodari. Hoja iliyopimwa hatukuwa nayo ya kutosha.

Mfano wa pili unauma zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, Kanda ya Ziwa iliingia katika mgogoro wa kuchinja. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi kwamba nyama ya kuuzwa kwa watu wote huchinjwa na Muislamu, ili kila mtu aweze kuila. Baadhi ya ndugu zetu Wakristo wakasema nao wana haki ya kuchinja na kufungua bucha zao. Baadhi yetu tukasema desturi isiguswe. Maneno yakawa makali huku Mwanza na kule Geita. Mwezi Februari 2013, katika mji mdogo wa Buseresere, vurugu zililipuka na mchungaji mmoja akauawa. Mtu aliyeumbwa na Mwenyezi Mungu, mwenye familia, akapoteza maisha katika ugomvi ulioanzia kwenye nyama. Kuua nafsi bila ya haki ni katika madhambi makubwa kabisa, na Muislamu yeyote aliyesoma dini yake analijua hilo.

Serikali iliwaita viongozi wa dini mezani. Kikao ni jambo jema, lakini nikikumbuka yaliyosemwa siku zile, hadharani na magazetini, nakumbuka sauti kubwa na maarifa machache. Mimi niliyefuatilia mjadala ule sikupata kumsikia hata mtu mmoja akisema: huu hapa utafiti, desturi hii ilianza lini, ni sheria au ni mazoea tu, na wazee wa miji hii waliafikiana nini juu yake.

Ndani ya dini yetu wenyewe kulikuwa na mengi ya kuelezwa kwa utulivu. Suratul Maida, katika aya ya 5, imetuhalalishia chakula cha Watu wa Kitabu, na maulamaa wamejadili kwa karne nyingi mipaka ya ruhusa hiyo. Imam Shafii, ambaye wengi wetu katika Afrika Mashariki tunafuata madhehebu yake, ameona kutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuchinja ni sunna iliyosisitizwa. Imam Abu Hanifa ameona kwamba aliyeacha kwa makusudi, kichinjwa chake hakiliwi. Upande wa pili nao, Wakristo wana mafundisho ya Paulo katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu, na mafundisho hayo yanazungumzia namna ya kula bila kumkwaza mwenzako. Mtu aliyesoma pande zote mbili, akatembelea machinjio, akawahoji wachinjaji, wenye bucha na walaji, angeweza kukaa kati ya makundi mawili na kusema jambo ambalo kila upande ungelisikiliza. Sisemi kwamba tasnifu moja ingezuia damu isimwagike, kwani hilo analijua Mwenyezi Mungu peke yake. Nasema kwamba tuliingia katika mgogoro mzito tukiwa hatuna mtu wa namna hiyo wa kumwita, na hadi leo sina hakika kama tumemwandaa.

Ndugu zangu katika imani, tutazame sasa kalamu iko mikononi mwa nani. Kitabu ambacho Waislamu wa Tanzania wamekuwa wakikitaja tena na tena wanapolalamikia uhusiano wa serikali na kanisa ni kile kiitwacho Kanisa Katoliki na Siasa ya Tanzania Bara, kilichochapishwa mwaka 1992. Mwandishi wake, John Sivalon, ni padri wa Kikatoliki. Yeye alikwenda, akasoma nyaraka za kanisa lake, akaandika alichokiona. Hata hoja tunayoitumia kujitetea tumeiazima kwa aliyekubali kukaa na majalada.

Tazama na upande wa historia yetu. August Nimtz, Mmarekani, alichapisha mwaka 1980 kitabu juu ya tarika na siasa, na alikuwa ameifanyia uchunguzi Bagamoyo. Abdin Chande, Muislamu, mwaka 1998 alitoa kitabu juu ya maulamaa na maendeleo ya jamii, kwa mfano wa Tanga. Felicitas Becker mwaka 2008 aliandika namna Uislamu ulivyoenea katika Tanzania Bara, akitazama kusini-mashariki. Roman Loimeier mwaka 2009 aliandika juu ya elimu ya Kiislamu Zanzibar. Pwani imeandikwa, kusini kumeandikwa, visiwani kumeandikwa. Katika orodha hiyo, ziwa letu halimo.

Na siyo kwamba hatuna cha kuandika. Katika miaka ya 1870, kabla ya reli na kabla ya Wajerumani kuweka boma Mwanza, pale Kageye alikuwapo mfanyabiashara Muislamu aitwaye Sungoro, aliyekuwa akiunda jahazi na kusafiri ziwani. Mfalme Mutesa wa Buganda alikwisha kufunga Ramadhani tangu miaka ya 1860, kabla ya mmishenari wa kwanza kufika kwake. Lakini habari za Sungoro tunazipata kwa kalamu ya Stanley na katika maandishi ya wamishenari, ambao walimwona kwa macho yao na kumhukumu kwa vipimo vyao. Wajukuu wa Waislamu wa kwanza wa ufukwe huu wangali hai. Wazee wanaokumbuka masimulizi yao wanapungua kila mwaka, na kila mmoja tunayemzika huenda na kitabu ambacho hakikuandikwa.

Zipo hofu mbili za wazazi ambazo si haki kuzipuuza.

Hofu ya kwanza ni ya imani. Wapo wanaosema kwamba kijana akiisoma dini kwa macho ya chuo kikuu ataitilia shaka. Hofu hii ina msingi wake, kwani yapo mafunzo yanayoichukulia dini kama kitu cha makumbusho. Lakini dawa yake ni kumpeleka kijana ambaye ameshiba elimu ya msingi kwa masheikh, na kuendelea kumkaribisha katika darsa zetu, sio kumfungia mlango. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alikuwa mwalimu wa shule, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na alitembea na kalamu maisha yake yote. Alikusanya habari za wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki na kuzichapisha mwaka 1972. Mwaka 1989 kazi yake ilitolewa kwa Kiingereza huko Marekani, na watafiti wa ulaya na kwingineko wanaitegemea hadi leo. Utafiti haukumpunguzia Sheikh imani. Ulitubakishia kumbukumbu ya masheikh ambao wangesahauliwa.

Hofu ya pili ni ya riziki, na hapa sitamdanganya mzazi. Shahada ya uzamili ya dini haina foleni ya waajiri mlangoni. Wanaoipata hufundisha vyuoni na mashuleni, huandika magazetini, hufanya kazi katika taasisi za dini na za haki za binadamu, au huirudisha elimu hiyo katika taaluma waliyokuwa nayo tangu mwanzo. Binti wa mzee wangu ni mwanasheria. Akiisha kuandika tasnifu yake juu ya mirathi, atakuwa mwanasheria ambaye mjane wa Ukara, wa Kome au wa Ukerewe akimwendea, atajua la kumwambia hakimu na ushahidi wa kuuleta. Sidhani kwamba mtu wa namna hiyo atakosa kazi. Tatizo ni kwamba wengi wa wateja wake hawatakuwa na pesa za kumlipa, na hilo ndilo linalotugusa sisi tuliobaki.

Ndugu msomaji, elimu ya namna hii ni haki ya jamii nzima, kwa hiyo gharama yake nayo haiwi ya baba mmoja. Katika Suratut Tawba, aya ya 122, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kwamba waumini wasitoke wote kwenda vitani. Katika kila kundi wabaki wachache watakaojifunza dini kwa kina, kisha wawaonye watu wao. Tuzingatie mambo mawili hapa: ni wachache, si wote, na elimu yao ni kwa ajili ya watu wao. Jamii ndiyo inayowaandaa, na jamii ndiyo inayowadai.

Mahali pa kusoma papo. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilifunguliwa mwaka 2005 na kina kitivo cha masomo ya Kiislamu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya falsafa na masomo ya dini. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, kipo Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale kilichoanza mwaka 1988, na Makerere nao wana masomo ya dini tangu zamani. Vijana wetu wengi walizoea kwenda Khartoum, lakini vita vilivyoanza Sudan Aprili 2023 vimevuruga masomo huko, na hiyo ni sababu nyingine ya kuimarisha vyuo vya karibu. Ndugu zetu Wakatoliki walianza na taasisi ndogo pale Nyegezi mwaka 1960, na mwaka 1998 ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho leo kinapokea wanafunzi wa dini zote, wakiwamo watoto wetu. Hawakuamka asubuhi moja wakakikuta.

Gharama tunaweza kuibeba. Al-Azhar imesomesha watu kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kwa sehemu kubwa ya muda huo ilisimama juu ya mali za wakfu. Sisi hatuna mashamba ya mto Nile, lakini tunalo ziwa. Waislamu wa msikiti mmoja wakichanga wakanunua mtumbwi mmoja wa dagaa, pamoja na taa na nyavu zake, wakauweka wakfu, kila giza la mwezi utakwenda majini na kila mauzo yatakuwa na fungu la mwanafunzi. Waandike masharti ya wakfu huo kwa wazi: atakayesomeshwa arudi, atoe darsa msikitini, na muhtasari wa tasnifu yake auandike kwa Kiswahili ambacho baba yake na mama yake wataweza kukisoma. Na wanazuoni wengi wamejuzisha kumpa zaka mwanafunzi fukara anayesoma elimu yenye manufaa. Wenye zaka zao wawaulize masheikh wao.

Narejea kwa mzee wangu wa Mwaloni. Mzee wangu, uliniuliza shahada ya pili ya dini ni ya nini. Wewe una mitumbwi, una duka, una mke na mabinti watatu, na unao ndugu zako kijijini ambao ni watu wa mila. Umri umesogea, na Mwenyezi Mungu akuzidishie. Siku utakapoitwa mbele ya haki, nyumbani kwako watabaki watu watakaosimama mbele ya hakimu na kuulizwa: marehemu aliishi vipi? Binti yako anataka kutumia miaka miwili ya maisha yake kutafuta namna ya kulijibu swali hilo, kwa ajili ya mama yake na kwa ajili ya mama wa watu wengine.

Mruhusu aende. Na ukimruhusu, njoo msikitini utuambie, ili nasi tujue fungu letu katika nauli yake.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.